Januari 1909: Mwezi Aliozaliwa Karani wa Tanga



Halmashauri ya jarida letu imenitaka safari hii niandike ukurasa wa historia. Niliambiwa nichague mwezi mmoja wa zamani, nieleze mambo yaliyotokea na watu waliozaliwa ndani yake. Nimechagua Januari ya mwaka 1909. Nakiri mapema kwamba sikuuchagua kwa kura. Nimeuchagua kwa ajili ya mtu mmoja ambaye nilimdharau nikiwa mwanafunzi, na ambaye nimezidi kumwonea haya kadiri umri wangu unavyosonga. Huyo ni marehemu Shaaban Robert.

Kwanza niutimize wajibu wangu kwa halmashauri. Tarehe 9 ya mwezi ule msafiri Ernest Shackleton na wenzake watatu, wakiwa chini ya bendera ya Uingereza, walisimama juu ya barafu ya kusini ya dunia, nyuzi 88 na dakika 23, mahali ambapo hapakuwa pamefikiwa na mwanadamu kabla yao. Walikuwa wamebakiza kama kilometa 180 tu kufika Ncha ya Kusini yenyewe. Shackleton akapima chakula kilichobaki, akaona wakiendelea watafika lakini hawatarudi, basi akageuka. Watu humkumbuka kwa kushindwa kufika. Mimi humkumbuka kwa kuwarudisha wenziwe wote hai.

Tarehe 23, katika ukungu mzito nje ya pwani ya Marekani, meli mbili ziligongana, Republic na Florida. Florida ilikuwa imepakia Wataliana wengi, baadhi yao wamenusurika katika tetemeko la Messina la Desemba 1908. Katika Republic kulikuwa na kijana wa simu ya upepo, Jack Binns, aliyekaa saa nyingi penye baridi na giza akipiga ishara za kuomba msaada, mpaka meli nyingine zikaja. Watu zaidi ya 1,500 waliokolewa. Republic ilizama siku ya pili yake. Hapo ndipo wenye meli wengi walipoanza kuamini kwamba chombo kile hakikuwa mchezo wa kuchezea.

Na huku kwetu je? Tanga ilikuwa chini ya Wajerumani. Vita vya Majimaji vilikuwa vimezimwa miaka miwili tu nyuma, na Gavana wa wakati huo alikuwa Albrecht von Rechenberg. Reli iliyoanzia Tanga ilikuwa imefika Mombo tangu 1905, ikawa inasogezwa kuelekea Moshi, ambako ilifika mwaka 1911. Mashamba ya katani yalikuwa yanaenea. Shule ya serikali ya pale mjini ilikuwa inatoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi. Lakini kuzaliwa kwa mtoto mmoja katika kijiji cha Vibambani, huko Machui, kusini ya mji wa Tanga, hakukuwa habari ya gazeti lolote.

Tarehe inayoandikwa katika vitabu vyote ni 1 Januari 1909. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Mimi ni mtu wa kupenda hesabu za kalenda, nikakaa nikaitafuta kwa mwezi mwandamo, nikaona inaangukia Mfungo Tatu wa mwaka 1326 wa Hijra, siku mbili tu kabla ya Idi Kubwa. Mwezi wa Shaabani ulikuwa umekwisha pita tangu miezi mitatu na zaidi. Basi wale wanaodhani kila Shaaban amezaliwa mwezi wa Shaabani, wajue kuwa huyu hakuzaliwa humo. Na wale wanaoulizana, kama tulivyokuwa tukiulizana sisi bwenini, imekuwaje Mwislamu wa Tanga aitwe Robert, jibu ni fupi: Robert ni jina la baba yake. Upande wa baba asili yao ilikuwa ya Kiyao, lakini yeye mwenyewe alijihesabu kuwa Mswahili, na kwa lugha hiyo akaishi na kufa.

Alikuwa na umri wa miaka mitano vita vya Tanga vilipopiganwa, Novemba 1914, ambapo jeshi kubwa lililoletwa na Waingereza kutoka Bara Hindi lilishindwa na jeshi dogo la von Lettow-Vorbeck. Alikuwa na miaka saba Waingereza waliporudi na kuutwaa mji, mwaka 1916. Kwa hiyo kabla hajajua kusoma vizuri alikuwa amekwisha badilishiwa mtawala mmoja kwa mwingine bila kuulizwa, yeye na watu wake wote. Mtu akitaka kujua kwa nini vitabu vyake vimejaa wafalme, mawaziri na mabaraza ya hukumu, si vibaya aanzie hapo.

Mwaka 1922 alikwenda shule Dar es Salaam. Alisoma mpaka 1926. Katika mtihani wa kumaliza walifaulu wanafunzi kumi na mmoja, naye akawa wa pili. Hapo elimu yake ya darasani ikakoma. Nawaomba vijana mnaosoma sasa mwiangalie hesabu hiyo: kutoka 1922 hadi 1926. Wengi wenu mmekwisha kaa darasani miaka mingi kuliko yeye, na bado mnanung'unikia wingi wa vitabu vya kusoma.

Kisha akaajiriwa serikalini, karani wa forodha, Pangani na vituo vingine vya pwani. Alikaa katika idara hiyo mpaka mwaka 1944, yaani miaka kumi na minane. Kazi ya karani wa forodha naijua, maana mimi nami nilikuwa karani, ingawa si wa forodha. Ni kazi ya kuhesabu mizigo ya mtu mwingine, kuiandika katika daftari la mtu mwingine, kwa kalamu ya serikali, na kutia sahihi chini ya jina la mkubwa. Jioni ikifika mkono umechoka kuandika. Mtu wa kawaida hataki kuiona kalamu tena mpaka kesho yake saa moja na nusu. Yeye ndipo alipokuwa akianza. Mashairi yake na makala zake zikawa zinatokea katika gazeti la Mambo Leo, na wasomaji wa Tanganyika nzima wakaanza kulijua jina lake, hali ofisini bado ni karani tu.

Wakati wa vita vya pili vya dunia alianza kuviandikia utenzi, akaendelea navyo mpaka vilipokwisha mwaka 1945. Utenzi huo, Utenzi wa Vita vya Uhuru, una beti zipatazo 3,000. Haukupigwa chapa mpaka mwaka 1967, yeye mwenyewe akiwa kaburini.

Nyumbani kwake mambo hayakuwa mepesi. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki angali kijana. Shairi alilomtungia tulilisoma darasani, na najua wapo wazee wenzangu wanaolijua kwa moyo hata leo. Sitalinukuu hapa. Nasema tu kwamba nililisoma mara ya kwanza nikicheka na wenzangu nyuma ya darasa, na nikalisoma mara ya pili miaka mingi baadaye, wiki ya arobaini ya mke wangu, peke yangu, na sikuweza kulimaliza. Baada ya msiba ule Shaaban Robert aliwatungia watoto wake tenzi mbili ndefu za wasia, Hati kwa binti na Adili kwa mwana. Mambo anayomwambia binti ndiyo ambayo kwa desturi mama humwambia mtoto wake jikoni au kitandani. Mama hayupo, basi baba akayaandika.

Mwaka 1944 alihamishwa akapelekwa bara, Mpwapwa, katika Idara ya Mifugo. Mtu wa pwani aliyezoea upepo wa bahari akajikuta katika nchi kavu ya Ugogo. Alikaa huko mpaka 1946, akarudishwa Tanga katika ofisi ya Jimbo, na mwaka 1952 akaingia Idara ya Upimaji, alikofanya kazi mpaka 1960. Hivyo ndivyo barua zake za kazi zilivyosoma: forodha, mifugo, jimbo, upimaji. Si barua za mtu mashuhuri.

Sasa niwaambie nilivyomdharau.

Nilipoingia shuleni kwetu, mwaka 1962, uhuru ulikuwa na umri wa miezi michache tu. Sisi vijana tulitaka Kiingereza. Kiingereza kilikuwa ofisi, gari na safari za ng'ambo. Mwalimu wetu wa Kiswahili (wenzangu mtamkumbuka kwa kofia yake na kwa fimbo ambayo hakuitumia hata mara moja) alitupa Kusadikika tuisome. Nikainua mkono kwa ujeuri nikauliza, mwandishi huyu alisoma chuo gani? Mwalimu akajibu kwamba hakusoma chuo, alikuwa karani. Darasa likacheka, nami nikajiona nimeshinda. Mwalimu hakunijibu neno jingine. Alinipa tu kazi ya kueleza kitabu chote mbele ya darasa Jumatatu ifuatayo.

Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1951. Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Ndani yake mtu anayeitwa Karama ameshitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Katika kujitetea Karama anaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za jirani, pande zote za dunia, hata mbinguni na ardhini, wakatafute mambo yenye manufaa kwa nchi yao. Kila mmoja alipata shida nyingi njiani, kila mmoja alirudi na faida mkononi, na kila mmoja aliporudi alitiwa kifungoni. Siku zinavyoendelea baraza zima linaona haya, na mwishowe Karama anaachiliwa pamoja na wafungwa wale.

Usiku wa Jumapili, nikiwa natayarisha maelezo yangu kwa taa ya kandili, ndipo nilipotazama ukurasa wenye mwaka wa kuchapwa, nikaanza kuhesabu kwa vidole. Mwaka 1951! Mtu huyu alikuwa anakaa ofisi ya Jimbo, Tanga, chini ya serikali ya kikoloni. Mchana alikuwa anawaandikia wakubwa barua zao, na baada ya kazi anaandika kitabu juu ya serikali inayowafunga watu wake kwa kosa la kuileta elimu nyumbani. Na wakubwa wale wale wakakiruhusu kiingie mashuleni, pengine kwa kuwa nchi ile inaelea angani na haionekani katika ramani yoyote. Jumatatu nilisimama mbele ya darasa nikaeleza, na sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko ya siku ile ya kwanza.

Haikupita muda mrefu, Juni mwaka ule ule wa 1962, habari ikaja kwamba Shaaban Robert amefariki Tanga. Alikuwa na miaka 53. Bendera mpya ilikuwa imepandishwa tarehe 9 Desemba 1961. Aliiona kwa nusu mwaka tu. Mwalimu wetu aliingia darasani, akaandika jina lake ubaoni na miaka miwili, wa kuzaliwa na wa kufa, kisha akaketi. Kipindi kizima tulikaa kimya. Sijapata kuona darasa la wavulana arobaini likikaa kimya namna ile, wala sikuona tena.

Hapa nirudi kwenye mwezi wetu wa Januari 1909, maana kuna mtoto mwingine ambaye sikumtaja. Tarehe 22, mbali sana na Machui, katika mji mdogo wa Pantanaw nchini Burma, alizaliwa U Thant. Nchi yake nayo ilikuwa chini ya Uingereza. Baba yake alifariki yeye akiwa kijana wa miaka kumi na minne, na ingawa aliingia chuo kikuu Rangoon, aliondoka mapema ili arudi nyumbani kuwasaidia mama na wadogo zake. Akawa mwalimu wa shule ya pale kwao, kisha mwalimu mkuu, na usiku akawa anaandika makala. Burma ilipopata uhuru mwaka 1948 aliingia serikalini, na mwaka 1957 akapelekwa kuwa balozi wa nchi yake katika Umoja wa Mataifa. Dag Hammarskjöld alipokufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola, Septemba 1961, U Thant ndiye aliyekabidhiwa kazi ya Katibu Mkuu, tarehe 3 Novemba. Siku arobaini na moja baadaye, tarehe 14 Desemba 1961, Tanganyika ilipokelewa kuwa mwanachama wa Umoja wa Mataifa.

Basi fikirini. Watoto wawili wa mwezi mmoja, wote raia wa chini katika makoloni, mmoja karani na mmoja mwalimu wa kijijini. Walipotimiza miaka 52, yule wa pili alikuwa amekalia kiti kile wakati nchi ya yule wa kwanza ilipoingia mlangoni. Hawakupata kuonana. Mimi nalipenda jambo hili kwa kuwa hakuna aliyelipanga.

Sifa Shaaban Robert alizipata kiasi angali hai. Alipewa nishani ya MBE na zawadi ya ukumbusho wa Margaret Wrong, akawa mjumbe katika Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Vitabu vyake vilipigwa chapa London na Johannesburg, miji ambayo iko mbali mno na kiti chake cha ofisini. Pambo la Lugha lilitoka Johannesburg mwishoni mwa miaka ya 1940, katika nchi iliyokuwa inafunga minyororo ya ubaguzi wa rangi miaka ile ile. Vingi zaidi vilitoka baada ya kifo chake, pamoja na Kufikirika, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote. Wakati wanafunzi tulipokuwa tunavinunua, mwenyewe hakuwapo kupokea hata senti.

Kati ya vyote ninachokipenda hakizungumzwi sana siku hizi: Wasifu wa Siti Binti Saad, habari za yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja aliyefariki mwaka 1950. Mwanamke wa shamba, asiye na jina la ukoo wala elimu ya darasani, aliyeingia mjini na kuwa sauti iliyosikika mpaka Bara Hindi katika sahani za santuri. Hakuna aliyekuwa amekaa akaandika maisha ya mtu kama huyo kwa Kiswahili fasaha. Karani wa Tanga aliona kuwa yanafaa kuandikwa. Nadhani aliijua hali ile ya kudharauliwa kwa asili kabla hujafungua kinywa.

Mimi nami nilistaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya ukarani katika ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilinunua daftari kubwa, nikaazimia kuandika kila jioni kama yeye. Daftari lile ninalo. Limeandikwa kurasa tisa. Zilizobaki ni hesabu za duka na majina ya watu waliokopa fedha zangu.

Miaka ya karibuni nilipata kitabu kilichochapwa mwaka 2002, nacho ni barua za Shaaban Robert kwa nduguye, Yusuf Ulenge, ambaye naye alikuwa mwandishi. Barua hizo zinaanzia mwaka 1931 mpaka 1958. Ndani yake hamna mshairi aliyesimama mimbarini. Mna mtu anayeandika habari za nyumbani, afya, fedha, kazi, vitabu ambavyo bado havijapata mchapaji. Jambo lililonishika zaidi si barua zenyewe bali yule aliyezipokea. Yusuf Ulenge alizihifadhi barua za kaka yake kwa miaka mingi, wakati ambapo karatasi zile hazikuwa na thamani kwa mtu mwingine yeyote. Angezifungia maandazi, leo tusingekuwa nazo.

Ndiyo maana ninalo ombi kwa wenzangu wa miaka ya sitini na sabini kabla ya mkutano wetu ujao. Tulipotawanyika tuliandikiana sana, kutoka vituo vya kazi, jeshini, vyuoni, hata kutoka ng'ambo. Fungueni masanduku yenu. Barua za shule, madaftari ya insha, magazeti ya ukutani tuliyoyaandika kwa mkono, programu za michezo ya kuigiza, chochote kilichookoka mchwa. Maktaba ya shule imekubali kutupa kabati moja lenye kufuli, na wanafunzi wa sasa wa chama cha Kiswahili wamejitolea kuviorodhesha. Mimi nimepekua nyumba nzima nikapata barua tatu tu; nyingine nilizichoma mwaka niliohama nyumba, nikidhani napunguza mzigo. Moja ya hizo tatu ni ya mwalimu wetu mwenye kofia. Ananiuliza kama daftari langu limefika ukurasa wa ngapi. Sikumjibu. Nitakuja nayo.